Mwanachama Nambari 768

Gatitu, Nyeri
14 Januari 1997

Kwako Watiri, mwenye jina ya cucu, nyanya yetu,

Pokea salamu ya sisi wote tulioachwa hapa kuchunga mlima usiibiwe. Mimi niko mzima, nimenenepa kidogo, watu wanadhani niko na mali na mimi siwakatazi. Mama hajambo. Goti inamsumbua asubuhi ya baridi lakini bado anakamua mwenyewe, hataki mtu ashike ile ng'ombe yake ya baka nyeupe, ati mikono yetu inanuka redio. Viazi ya Mweiga imekubali sana mwaka huu. Huseni wa duka ya nguo, hapa mlango ya pili, anakusalimia na anauliza kama chai ya Ulaya ni chai ama ni maji imeoshewa ndani kikombe.

Duka inaendelea. Redio natengeneza, barua za watu napiga taipu, fotokopi natoa, na kwa bango nje nimeongeza NA KOMPYUTA, kwa sababu sasa niko na moja. Mtu aliachia darasa la tano kama mimi akiandika hivyo kwa bango, lazima aandike kwa herufi kubwa.

Sasa maneno yenyewe. Unajua ile chama ya maziwa ya kwetu, ile Mama ni mwanachama nambari 3. Kituo ya kupima iko Mweiga, ofisi iko hapa Nyeri mjini. Ofisi iko na kompyuta ya Windows 95, walipewa na mradi. Kituo iko na ile boksi kubwa ya kijivu iliachwa na Mjerumani mwenye alikuwa anahesabu ndovu huko Aberdare. Hiyo haijui Windows. Inaongea kitu inaitwa Unix. Ukiiwasha inakuuliza wewe ni nani, kama askari wa geti.

Simu iko pande zote mbili na modem nimepata, ile inafanya kompyuta iongee kwa simu. Nataka hivi: mtu akipimiwa maziwa Mweiga, karani aandike kwa boksi, na hapo hapo itokee Nyeri. Namba tatu tu. Namba ya mwanachama, namba ya mkebe ile maziwa imemwagwa ndani, na kilo. Hiyo ya mkebe usiache. Nimeambiwa isiachwe.

Meneja wa chama ni Bwana Kiogora, mtu wa Meru, sijawahi kuona meno yake. Nilimwambia niko na injinia Ulaya. Akauliza, "Wa kampuni gani?" Nikamwambia kampuni ya familia. Sasa wewe ndio hiyo kampuni, hongera.

Lazima ikuwe tayari kabla ya mkutano mkuu wa chama, tarehe 19 Julai. Si mambo ya biashara. Usiniulize sana, nijibu tu.

Ndugu yako,
Theuri

*

Leeds
2 Februari 1997

Kaka Theuri,

Salamu kutoka huku kwa baridi. Ile ya Mweiga ni mtoto wake. Niko salama, masomo yanaenda, na jioni nafanya kazi kwa chumba cha mashine za chuo, ambako kuna joto kuliko kwangu. Mwambie Huseni chai ya huku ni vile anafikiria. Mwambie Mama nimevaa soksi mbili, kabla hajauliza.

Kampuni ya familia imepokea kazi yako. Nikuelezee kwanza shida iko wapi.

Mashine ikitaka kuongea na nyingine inafungua mlango unaitwa soketi. Mambo yanaingia na kutoka hapo. Mlango ni ule ule duniani kote, lakini kila nyumba ina tabia zake. Unix ni kama nyumba ya Huseni, unaingia tu. Unafungua, unatuma, ukimaliza unasema close na unaenda. Windows ni kama Mama. Huwezi kuingia useme "nipe chumvi" kabla hujamuuliza goti. Lazima kwanza uite WSAStartup, hiyo ndiyo salamu, na useme unataka kuongea naye kwa toleo gani. Usiposalimia, kila kitu utakachoomba utanyimwa, na hatakuambia ni kwa sababu ya salamu. Ukimaliza unaaga kwa WSACleanup. Na mlango haufungwi kwa close, unafungwa kwa closesocket. Hata makosa hayaulizwi mahali pamoja: Unix inaacha namba kwa errno, Windows unaiuliza kwa WSAGetLastError.

Watu wengi wakiona hivyo wanaandika programu mbili. Sisi tutaandika moja. Ukiwa na mbili, leo utarekebisha ya Nyeri na usahau ya Mweiga, na baada ya mwezi hazielewani. Nimeweka hizo tabia zote kwa faili moja, mlango.c. Hapo ndani tu ndipo programu inauliza, hapa ni Windows ama si Windows? Kwingine kote haijui na haijali.

Nimetuma diski mbili. Ya bluu ni kompaila ya Windows, ile inageuza maandishi kuwa programu. Boksi ya Mjerumani iko na yake ndani. Diski nyeusi ni programu yenyewe.

Sasa mimi nina swali. Umenisalimia kwa goti, kwa viazi, kwa Huseni, hata ng'ombe nimejua hali yake. Mutahi hayuko kwa barua. Ndugu yetu anapima maziwa kwa kituo hicho hicho miaka sita, na wewe unaandika "karani" kama humjui. Ni nani alikuambia namba ya mkebe isiachwe?

Watiri

*

Gatitu, Nyeri
27 Februari 1997

Kwako Watiri, mkurugenzi wa kampuni,

Tuko wazima, hata wewe uko, kwa sababu ungekuwa mgonjwa hungeuliza maswali mingi hivyo. Mvua bado. Mama amefurahia soksi mbili, anasema vaa tatu. Bango yangu imeanguka, herufi zilikuwa kubwa sana.

Diski zilifika vizuri, posta hawakuzigusa. Mwenye alizigusa ni mimi. Ile ya bluu niko nayo salama. Ile nyeusi nilikuwa nimeweka mahali safi, mahali ya juu, mbali na maji na watu. Niliweka juu ya spika ya redio ya mwalimu mmoja wa Mweiga, ile nilikuwa natengeneza. Siku tatu ilikaa hapo. Wewe umesoma, unajua nyuma ya spika kuna nini. Mimi pia najua! Ndio hiyo inaniuma. Miaka kumi natoa sumaku kwa spika na mikono yangu, halafu naweka diski hapo kama maua ya mezani. Kompyuta ikaniambia diski haina kitu. Huseni alicheka mpaka mteja akaondoka.

Sasa usitume diski ingine. Andika kwa karatasi. Karatasi haiogopi sumaku, na mimi nitapiga taipu yote, nukta kwa nukta. Barua za mapenzi za watu wa Gatitu nimepiga taipu mpaka nikajua nani atajibiwa nini, hiyo programu itanishinda na nini?

Mutahi yuko. Yuko nyumbani kwa Mama, anasaidia shamba. Anachonga mipini ya jembe.

Theuri

*

Leeds
24 Machi 1997

Programu ni kurasa saba. Nimezipa namba juu. Ukurasa 2 na 3 ndio mlango.c. Usibadilishe kitu. Herufi kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo. Sijajaribu kwa mashine.

Ukipiga taipu yote ijaribu kwanza kwa kompyuta yako peke yake, fungua dirisha mbili, moja itume na nyingine ipokee, anwani ni 127.0.0.1.

W.

*

Gatitu, Nyeri
5 Mei 1997

Kwako Watiri,

Kwanza habari yako? Hapana, nauliza kabisa, habari yako? Barua imefika bila salamu hata moja. Imeandikwa kama kuku imekanyaga wino ikakimbia. Wewe umeandika vizuri tangu darasa la kwanza, mwalimu alikuwa anatuonyesha daftari yako sisi wakubwa atuaibishe. Mama hajui kusoma lakini aliangalia tu hizo karatasi akasema, "Huyu mtoto ako na shida." Sijamdanganya, nimemwambia sijui. Sasa niambie.

Wacha nikueleze yangu kwanza ndio uone aibu ya kuficha yako.

Nilipiga taipu kurasa saba kwa siku tisa. Ile nukta iko na mkia chini imenitesa, nikiacha moja tu kompaila inalia mistari arobaini kama mtoto ya jirani. Lakini nikamaliza. Nikafungua dirisha mbili, hii ikatuma, ile ikapokea. Mwanachama 3, mkebe 1, kilo 12. Ikatokea vile vile! Nikamwita Huseni. Akasema, "Hii mashine inajiongelesha." Nikamwambia hata Mama huongea peke yake jikoni na chakula inaiva.

Nikaenda Mweiga na diski, kwa boksi ya kijivu. Karatasi ile ile, programu ile ile, sikugusa kitu, na Unix ikakubali mara ya kwanza. Hapo nilikuheshimu, nataka ujue. Kwa hivyo nikamwambia Bwana Kiogora aite kamati waje waone. Walikuja ofisi ya Nyeri tarehe 29 Aprili, watu saba, na mwenyekiti Mzee Gicheru mbele. Wangechi alikuwa Mweiga kwa mizani. Huyo ni msichana amewekwa mahali pa Mutahi. Wa kwanza kupimiwa alikuwa Mama. Modem ikapiga kelele yake, mlango ukafunguka, namba zikaingia kwa skrini:

768   256   3072

Mzee Gicheru akavaa miwani. "Mwanachama 768 ni nani? Sisi tuko mia tatu na kumi na mbili."

Nikapangusa skrini na mkono ya shati.

"Na ameleta kilo elfu tatu na sabini na mbili. Theuri, hii ni ng'ombe ama ni dam ya maji?"

Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka, unanijua, nikasema labda ng'ombe ya Mama imeanza kula mbolea. Lakini Kiogora hakucheka. Alisema pole pole, "Ndugu mmoja aliandikia watu maziwa ya hewa. Sasa huyu mwingine ameleta mashine ya kuiandika haraka."

Watiri, ndio hiyo. Nilikuficha kwa sababu ya mitihani yako. Mutahi amesimamishwa kazi tangu Novemba. Kilo yenye aliandika Mweiga na kilo yenye ofisi ya Nyeri inapima lori ikifika hazikulingana, kila siku ilipungua karibu arobaini. Wanasema anaandikia marafiki zake maziwa haiko. Siku hizi wanafuata ya Nyeri tu, hakuna mtu analinganisha na ya Mweiga tena, na ile ilipungua wakati yake wanakata kwa kila mkulima, kwa hivyo wakulima wote sasa wanamchukia yeye. Tarehe 19 Julai mkutano utapiga kura. Wakisema ni mwizi, anafutwa na jina yake inapelekwa polisi. Haendi kanisa. Haendi hata dukani kununua sukari. Anachonga mipini ya jembe, iko kumi na saba saa hii, na hatuna jembe hata sita.

Yeye ndio alisema namba ya mkebe isiachwe. Alisema, "Wacha waone kila mkebe peke yake, mimi siogopi." Ni hayo tu alisema mwezi huo mzima.

Sasa sikiza. Niliacha wakacheka wakaenda, nikarudia. Wangechi akatuma kilo 5, ikatokea 1280. Akatuma 7, ikatokea 1792. Mimi shule ilinishinda lakini hesabu ya soko haijawahi. Niligawanya. Kila moja ni mara 256. Kila moja! Hii si wazimu, wazimu haiwezi kukumbuka namba moja kutwa nzima. Kuna kitu ndani iko na mpango wake. Kwa hivyo nimefikiria hapa Nyeri nigawanye tu kwa 256 kila kitu ikifika, maneno iishe. Unasemaje?

Kiogora amenipa wiki moja ya mwisho, kuanzia 11 Julai mpaka siku ya mkutano. Nilimbembeleza mpaka nikaona karibu acheke.

Na wakati mwingine namba hufika mbili tu, ya tatu inachelewa, halafu yote inachanganyika. Hiyo pia niambie.

Na uniambie habari yako.

Theuri

*

Leeds
21 Mei 1997

Kaka Theuri,

Hamjambo nyote. Mama hajambo? Goti? Ng'ombe? Wewe? Huseni? Mutahi hajambo? Nimesalimia sasa, tena kwa mkono wa kulia.

Niliteleza kwa barafu mwezi wa tatu nikavunja huo mkono. Programu niliandika na wa kushoto, na chumba cha mashine sikuwa naenda. Ndiyo sababu sikujaribu. Sikutaka Mama asikie mfupa na bahari vyote kwa sentensi moja. Mkono umepona, mwambie umepona.

Nimekasirika na wewe sana, lakini nitakasirika baada ya tarehe 19.

Usigawanye! Tuma mwanachama 300 uone. Itatokea 11265, na hiyo ukigawanya kwa 256 haikubali. Utapata nusunusu na hutajua ni nani. Kosa ni langu na lina dawa yake.

Namba moja kwenye programu yetu inakaa kwa vipande viwili, kikubwa na kidogo. Boksi ya Mjerumani ikiandika inatanguliza kipande kikubwa. Kompyuta ya Nyeri inatanguliza kidogo. Hakuna yenye makosa, kila moja imezoea hivyo tangu itengenezwe. Shida ni kwamba Mweiga imeandika kwa mpango wake na Nyeri imesoma kwa mpango wake, na hakuna mtu aliwaambia wakubaliane. Kompyuta yako ilipojiongelesha ilikuwa na mpango mmoja pande zote, kwa hivyo ilielewana na yenyewe vizuri sana. Ingeendelea kuelewana mpaka mwaka 2000.

Barabarani kuna mpango mmoja tu uliokubaliwa na wote, kikubwa mbele. Kabla ya kutuma, kila namba pitisha kwa htons. Ikifika, kila namba pitisha kwa ntohs. Kwa boksi ya Mweiga hayo maneno hayatageuza kitu, lakini uyaandike huko pia, kwa sababu programu ni moja na haifai kujua iko wapi. Nilikumbuka kufanya hivyo kwa namba ya mlango wenyewe, nikasahau kwa mzigo.

Hiyo ya namba kuchelewa: recv, ile inayopokea, haijawahi kuahidi kwamba italeta vyote mara moja. Inaleta kilichofika. Sisi tunangoja vipande sita. Kwa hivyo uiite, uhesabu, uiite tena mpaka sita vitimie, ndipo usome. Nimeandika upya ukurasa 5 na 6, ziko hapa ndani. Hii nimejaribu, kwa mashine mbili za aina tofauti, siku mbili mfululizo, na mwanachama 300 alifika salama.

Mwambie Mutahi mimi nimeuliza habari yake mwenyewe, si ya kesi.

Watiri

*

Leeds
28 Juni 1997

Kaka Theuri,

Salamu kwa wote. Sijapata jibu. Najua labda barua zimepishana, ama laini ya simu ya Mweiga imeanguka kwa mvua kama kila mwaka. Kama imeanguka, nenda ukae kwa mlango wa mafundi mpaka wachoke na sura yako. Hiyo ni kazi unaijua.

Kama ukurasa 5 na 6 hazijafika, ziko hapa tena. Ninaweka nakala nyingine kwa barua ya kesho, na ya kesho kutwa.

Kama watapiga kura kabla mashine haijaongea, simama useme kwamba Watiri, binti ya chama hiki, anasema ndugu yake si mwizi. Halafu waambie wangoje mashine.

Watiri

*

Gatitu, Nyeri
22 Julai 1997

Watiri! Kilo tatu!

Salamu nitaweka mwisho, leo niko kama Unix, naingia tu.

Laini ilianguka, ulijua. Nilikaa kwa mafundi siku nne, nikawatengenezea redio zao mbili bila malipo, siku ya tano wakapanda nguzo. Ukurasa 5 na 6 zimefika mara tatu, sasa niko na za kufunga nyama. Nikaandika htons pande zote, hata kwa boksi mahali haifanyi kitu, vile ulisema. Asubuhi ya 11 Julai Mama alipimiwa wa kwanza, Kiogora amesimama nyuma ya kiti yangu huku Nyeri, nasikia pumzi yake kwa shingo. Ikaingia: 3, 1, 12. Nikakata modem kwanza, nikamwambia Wangechi kwa simu atume mwanachama 300. Akafika akiwa 300.

Kiogora akasema "Mm." Kwa Meru nafikiri hiyo ni hotuba.

Wiki nzima namba zikaingia. Jioni nilijumlisha kila mkebe kutoka Mweiga, nikaweka kando ya ile Nyeri imepima mkebe hiyo hiyo ikishuka kwa lori. Nikaona mkebe ya kwanza: Mweiga 41, Nyeri 38. Ya pili 44, Nyeri 41. Ya tatu 39, Nyeri 36. Ukiangalia hivyo unasema, ni kweli, inaibiwa. Lakini wewe ulinizoesha vibaya na ile 256. Nikaangalia tena. Tatu. Tatu. Tatu. Kila mkebe, kila siku! Nikajiambia, mwizi gani huyu anaiba kwa rula? Mwizi leo anaiba mbili, kesho akisikia njaa anaiba kumi. Hii ni mashine mbili zinasoma kitu moja na mpango mbili.

Halafu mkebe nambari 9. Mweiga 40, Nyeri 40. Siku ya pili 43, 43. Siku saba, mkebe 9 haijapoteza hata kijiko.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mutahi na mpini mkononi. Nikamuuliza, "Mkebe 9 iko na nini?"

Hata hakuinua kichwa. "Tisa ni ile nzito."

"Nzito namna gani?"

"Ni ya chuma, ya zamani. Zile zingine zililetwa mpya mwaka jana, za aluminium. Tisa ilibaki kwa sababu kifuniko yake inafunga vizuri." Halafu akaweka mpini chini. Tukaangaliana. Sijui ni nani alisimama wa kwanza.

Umeona? Nyeri wanapima mkebe ikiwa imejaa, halafu wanatoa uzito wa mkebe tupu. Wanatoa kilo 11, vile iliandikwa kwa ukuta tangu zamani ya zile za chuma. Mikebe ikabadilishwa, ukuta haukubadilishwa. Hizi mpya ni kilo 8. Kwa hivyo kila mkebe walikuwa wanatupa kilo tatu ya maziwa ya watu hewani, mikebe kumi na tatu, thelathini na tisa kila siku. Hakuna mtu aliiba. Hakuna hata mtu alikosa kufanya kazi yake. Karani wa Nyeri alikuwa anatoa 11 vile aliambiwa, roho safi.

Mkutano ulikuwa uwanja wa kituo, watu wamejaa mpaka kwa ua. Mzee Gicheru akasoma maneno ya Mutahi kwa karatasi, akauliza kama kuna mtu iko na la kusema kabla ya kura. Mimi hotuba yangu ilikuwa tayari, iko na vichekesho nne. Lakini Mutahi alinipita. Miezi minane hajatoka kwa geti, na akatembea katikati ya watu hao wote, akabeba mkebe 9 tupu na mkono moja, na nambari 4 na mkono ingine. Akaweka 4 kwa mizani.

"Soma," akamwambia Gicheru.

"Nane."

Akaweka 9.

"Kumi na moja."

"Nyeri mnatoa ngapi?"

Kiogora ndio alijibu, na sauti ikatoka kidogo, "Kumi na moja." Halafu nikasambaza makaratasi yangu, siku saba, kila mkebe, na watu wakaanza kujisomea, tatu, tatu, tatu, hadi mama mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Kwani mlikuwa mnakunywa mikebe?" Uwanja wote ukalipuka. Siku hiyo nimeona meno ya Kiogora, Watiri. Yako yote.

Kura haikupigwa. Gicheru alichana ile karatasi mbele ya watu, akamwomba Mutahi msamaha na kofia mkononi, halafu akaniomba mimi ya ile dam. Mutahi amerudishwa kwa kazi kuanzia jana, Wangechi ataandika kwa boksi naye atapima. Wanataka kituo zingine mbili ziunganishwe pia, na huko mashine ni za aina ingine tena. Nimewaambia kampuni ya familia haiogopi mashine, mlango.c iko.

Mipini ilikuwa imefika ishirini na sita. Nilikuja nayo kwa mkutano kwa gunia, kama watu wangekasirika ni silaha, kama wangefurahi ni biashara. Yote imeisha.

Sasa salamu. Mama hajambo, goti hajambo, ng'ombe iko kilo 12 na si 3072. Anasema mkono ukipona unawekwa mafuta ya kondoo, nami nimeshindwa kumwambia huko ni kutafuta wapi. Huseni hajambo, ameanza kuwaambia watu yeye ndio aliniamini kutoka mwanzo. Mimi niko. Bango imerudi juu. Na huyu hapa chini ameninyang'anya kalamu.

Theuri

Watiri, habari ya mkono? Mimi niko kwa mizani.
Mutahi